Mwenda Pole kwa Pikipiki: Kujifunza Kumudu Njia Mbovu

  

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa anayetembea kwa miguu, hiyo ni kweli. Kwa anayeendesha pikipiki kwenye njia ya mawe, mambo ni tofauti. Pikipiki ikiwa na mwendo hujisimamisha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Mwendo ukipungua huanza kuyumba, na kazi ya kuisimamisha hubaki kwa dereva. Ndiyo sababu mtu anaweza kusafiri kilomita nyingi salama, kisha akaangukia kwenye mawe machache karibu na zahanati. Leo tuzungumze juu ya kujifunza kwenda pole bila kuanguka.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kazi yangu imenipeleka vijijini katika Kaunti ya Kitui, ambako njia nyingi hukatwa na mito ya mchanga na miamba. Mnamo Novemba 2018 nilikuwa nikipeleka chanjo kwenye kliniki ya chini ya mti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na kuacha mawe wazi njiani. Nilikwenda polepole sana, hata mtu wa miguu angenipita. Gurudumu la mbele likagonga jiwe. Nilishtuka, nikakaza breki ya mbele, nikateremsha mguu. Pikipiki ikaulalia. Kifundo cha mguu kilivunjika. Kisanduku cha chanjo kilifunguka na chupa zikatawanyika juani.

Akina mama walingoja mpaka alasiri, kisha wakarudi nyumbani na watoto wao bila chanjo. Nilikaa na plasta wiki sita. Niliporudi kazini na kupitia daftari, niliona majina ya watoto ambao hawakuwa wameletwa tena. Tuliwafuata nyumba kwa nyumba. Familia moja ilikuwa imekwisha kuhama. Mtoto wao sikumpata mpaka leo.

Watu waliniambia, "Pole, ajali haina kinga." Msikilizaji, ajali yangu ilikuwa na kinga. Nilipata leseni baada ya kuzunguka vizuizi kwenye uwanja tambarare. Hakuna aliyekuwa amenifundisha jinsi ya kupita penye mawe.

Aliyenifundisha baadaye ni mzee mmoja, afisa wa kilimo mstaafu, aliyetembelea mashamba ya wakulima kwa pikipiki miaka mingi. Ujanani alijifunza mbinu za mchezo wa pikipiki uitwao trialzi. Huu si mchezo wa kasi. Dereva hupita juu ya miamba, magogo na vijito bila kugusa chini kwa mguu. Akigusa mara moja anapewa pointi 1 ya kosa, mara mbili pointi 2, mara tatu au zaidi pointi 3. Akianguka au akishindwa kupita, pointi 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mashindano ya dunia ya mchezo huu yalianza mwaka 1975, na bingwa anayejulikana sana siku hizi ni Toni Bou wa Uhispania, ambaye kuanzia 2007 ametwaa ubingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka.

Wewe na mimi hatuna haja ya kuruka miamba. Lakini mbinu zao za msingi zinaweza kukusaidia, uwe mwendeshaji wa bodaboda, mwalimu, mhudumu wa afya wa jamii au mkulima anayepeleka maziwa.

Kwanza, tembea kabla ya kupita. Waendeshaji wa trialzi hushuka na kukagua njia kwa miguu. Nawe fanya hivyo penye mashaka. Tazama jiwe lipi limelegea, utelezi uko wapi, na utatokea wapi. Dakika mbili za kutembea ni nafuu kuliko wiki sita za plasta.

Pili, simama. Pikipiki yao karibu haina kiti, kwa sababu dereva husimama juu ya vikanyagio muda wote. Ukiketi, kila jiwe hukurusha wewe pamoja na pikipiki. Ukisimama na magoti yaliyokunjwa kidogo, uzito wako hubebwa na vikanyagio, na pikipiki huweza kuyumba chini yako wewe ukiwa umetulia. Magoti yashike tangi kidogo. Mikono isibane usukani.

Tatu, angalia unakotaka kwenda. Macho yakiganda kwenye jiwe, pikipiki nayo hulifuata jiwe hilo. Inua kidevu, tazama mita kadhaa mbele, mahali utakapotokea.

Nne, tumia klachi, mafuta na breki ya nyuma kwa pamoja. Weka gia ya kwanza. Shikilia mafuta kidogo bila kuyabadilisha-badilisha. Achia klachi mpaka pikipiki ianze kuvuta, kisha uicheze hapo kwa kidole kimoja au viwili, huku mguu ukigusa breki ya nyuma kwa wepesi. Hivyo utaweza kwenda kama mtu anayetembea bila injini kuzima. Breki ya mbele usiikaze ghafla usukani ukiwa umepinda. Hilo ndilo lililoniangusha. Pia kumbuka kwamba klachi ikichezwa muda mrefu hupata moto, kwa hiyo ipumzishe.

Tano, kwenye kona ya pole, laza pikipiki ndani ya kona, lakini mwili wako ubaki wima kwa kuegemea upande wa nje. Kwenye mteremko, peleka makalio nyuma, baki kwenye gia ya kwanza, uiache injini ikusaidie kuzuia mwendo. Usiteremke ukiwa umebana klachi, kwa maana pikipiki itakukimbia.

Msikilizaji, mambo haya husikika mepesi. Nilidhani ningeyaweza peke yangu. Nilijaribu wiki mbili bila mafanikio, ndipo nikamwomba mzee aje kunitazama. Alisimama kando na fimbo yake, akaniacha nipite mara tatu bila kusema neno. Kisha akaniita.

"Sista, umeshika usukani kama mtu anayekamua nguo."

"Mimi, Mzee? Mbona nahisi nimeulegeza?"

"Unahisi hivyo. Mimi nakuona."

Hapo ndipo nilipojua umuhimu wa mkufunzi. Hakuna anayejiona mwenyewe akiwa juu ya pikipiki. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, sikukabidhiwa sindano na mgonjwa siku ya kwanza. Tulianza kwa kuchoma chungwa, mwalimu akitazama vidole vyetu. Tulirudia mpaka mkono ukazoea. Ajabu ni kwamba tunamkabidhi kijana pikipiki asubuhi, na jioni yake anabeba mama mjamzito kwenye njia ya mawe. Mama huyo naye ni kama mgonjwa yule. Hafai kuwa wa kujifunzia.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Waendeshaji wawili au watatu wa kituo kimoja tafuteni uwanja usio na magari wala watoto. Mmoja aendeshe, mwingine atazame na kumweleza jambo moja tu la kurekebisha kwa kila mzunguko. Mambo matano kwa mara moja humchanganya mtu. Anzeni kwa kwenda polepole kabisa kwenye mstari ulionyooka, mkishindana nani atachelewa kufika bila kugusa chini. Kisha endesheni kwa umbo la namba nane kuzunguka tairi mbili kuukuu. Baada ya hapo pangeni mawe madogo yenye ukubwa wa ngumi, na mwisho mteremko mfupi. Dakika 20, mara mbili kwa wiki, zatosha. Msibebe abiria wala mzigo wakati wa mazoezi. Msifanye mkiwa mmechoka, wala mkiwa mmelewa. Na kama yuko mtu mwenye ujuzi zaidi karibu nanyi, kama yule mzee, mwombeni. Wengi hufurahi kuombwa.

Hata kwenye mazoezi, vaa helmeti na uifunge kamba chini ya kidevu. Mwaka 2008 wataalamu walijumlisha tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, wakaona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Sheria ya Kenya humtaka dereva na abiria wote wawili wavae helmeti na koti linalong'aa, na abiria awe mmoja tu. Ongeza viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Ndala hazifai. Tairi zako zisipunguzwe upepo ovyo kwa kuiga wanamichezo. Zao ni tairi za aina nyingine, na zako zikiwa na upepo mdogo sana zitakatwa na mawe.

Mwenzako akianguka na kugonga kichwa, usimvute wala kumwinua upesi. Acha helmeti ilivyo kama anapumua vizuri, na shingo isigeuzwe. Damu ikitoka kwenye jeraha, bana kwa kitambaa safi. Na hata kama ameinuka akacheka, akianza kutapika, kusinzia au kuchanganyikiwa baadaye, apelekwe hospitali mara moja.

Neno la mwisho ni hili. Ujuzi haumfanyi mtu kuwa shujaa wa mito iliyofurika. Maji yanayokimbia hufagia pikipiki na dereva wake pamoja. Mwaka jana nilifika kwenye mto ule ule ukiwa umejaa, nikiwa na chanjo. Nilishuka, nikatembea mpaka ukingoni, nikatazama, nikarudi. Nilipiga simu, kliniki ikaahirishwa kwa siku mbili. Siku ya pili nilivuka pale penye mawe nikiwa nimesimama, macho mbele, na chupa zote zilifika zikiwa baridi. Nilimweleza mzee. Aliuliza nimegusa chini mara ngapi. Nikamwambia mara moja.

"Basi bado una kazi," akasema.

Tukumbushane, msikilizaji: tembea kwanza, simama, angalia mbele, tumia klachi na breki ya nyuma kwa upole, na uwe na mtu wa kukutazama. Hapo mwenda pole hatajikwaa, hata akiwa juu ya pikipiki. Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Safari njema, na kwaheri mpaka juma lijalo.