Kahawa Haikuzuia Vita: Fedha na Ulinzi wa Jirani Anayetishwa



Mhadhara huu nilikuwa nimeukusudia sarafu moja ya Afrika Mashariki, na kurasa zake ziko tayari mezani kwangu. Nimeziacha huko kwa sababu ya sentensi moja. Mwaka jana, kwenye semina, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akasema, kwa wepesi wa mtu anayetaja siku ya juma, kwamba Idi Amin aliangushwa na kahawa. Marekani iliacha kununua kahawa ya Uganda, askari wakakosa mishahara na wiski, utawala ukaporomoka. Kwa hiyo, akasema, anayetaka kumlinda mnyonge dhidi ya jirani mchokozi amfungie huyo jirani mfuko. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliketi kimya, maana nilikuwa nimemkumbuka baba yangu.

Ilikuwa Novemba 1978, kijijini kwetu upande wa Mvumi. Mvua za kwanza zilikuwa hazijashika. Balozi wa nyumba kumi alipita boma kwa boma akieleza kwamba nchi imevamiwa na kila mwenye chochote atoe. Baba aliingia zizini akatoka na maksai mwekundu, yule wa plau, si mzee wala kilema. Mama alimuuliza mwaka huu tutalima na nini, na baba hakujibu. Wiki tatu baadaye kaka yangu mkubwa aliondoka na wanamgambo kwa treni kutoka stesheni ya Dodoma. Yeye alirudi. Vijana wawili wa kijiji chetu hawakurudi. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba vita ile ilimalizwa na wanunuzi wa kahawa, siwezi kuitikia kwa kichwa.

Tuichukue hoja yenyewe kwa uzito, kwani wenye nayo si watu wepesi. Aprili 1978 Richard Ullman aliandika katika jarida la Foreign Affairs kwamba Marekani ilikuwa na nguvu ya kiuchumi juu ya Amin na haikuwa ikiitumia. Mbunge Don Pease wa Ohio aliibeba hoja hiyo bungeni kwao. Na kitabu cha vikwazo cha Hufbauer na wenzake, kilichotoka mara ya kwanza 1985 na ambacho kila mwanafunzi wa somo hili hukianza, kinaihesabu Uganda miongoni mwa kesi zilizofaulu. Msingi wa hoja ni wa kweli: kahawa ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya Uganda ya fedha za kigeni, na kiasi cha theluthi moja ya kahawa hiyo ilinunuliwa Marekani. Ndege zilizotoka Stansted, Uingereza, kwenda Entebbe zikiwa na wiski na anasa za maofisa ziligharimiwa na kahawa hiyo. Hayo siyapingi.

Napinga kalenda. Sheria ya Marekani ya kupiga marufuku biashara na Uganda ilitiwa saini na Rais Carter tarehe 10 Oktoba 1978. Kabla mwezi huo haujaisha majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, maili za mraba 710, ni ya Uganda. Hesabuni siku. Meli ya kahawa haijamaliza hata kufika New York. Mzigo uliokwisha kuuzwa umelipwa, na ule ambao haukuuzwa Marekani una mnunuzi Ulaya. Kama vikwazo vilikuwa ngao, basi ngao hiyo iliinuliwa wiki tatu kabla ya panga kushuka, na panga likashuka.

Mwenzangu atanijibu kwamba athari zilianza mapema, kwani kampuni kubwa ya Folgers ilikwisha kutangaza mwezi Mei kwamba hainunui tena kahawa ya Uganda. Vizuri. Basi tukubali kwamba hazina ya Amin ilianza kukauka katikati ya mwaka, kwamba vikosi vilianza kunung'unika, na kwamba manung'uniko hayo yalizaa uasi jeshini ambao Amin aliutafutia njia ya kutokea kwa kuwarusha askari wake ng'ambo ya mpaka. Wapo wanaoeleza hivyo asili ya vita ile. Lakini mkiikubali simulizi hiyo mmekubali pia kwamba vikwazo viliichochea vita. Huwezi kuiandikia kahawa sifa ya kuanguka kwa Kampala bila kuiandikia, kwenye daftari lilelile, watu wa Kyaka, mifugo ya Missenyi na kiwanda cha sukari cha Kagera kilichoporwa. Ama vikwazo havikuwa na muda wa kufanya kitu, ama vilifanya kinyume cha kuzuia. Sijaona mlango wa tatu, na nimeutafuta kwa miaka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka. Kahawa ya Uganda ilikwisha kuvuja kabla Washington haijaamka. Baada ya baridi kali ya Julai 1975 kuunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ilipanda hadi kilele cha 1977, na mkulima wa Uganda akaona upumbavu kuiuzia bodi ya serikali kwa shilingi isiyo na thamani. Gunia lilipita usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya, na wanaoishi Bungoma bado wanaikumbuka neema ile. Uchumi wa Uganda wa miaka hiyo Waganda wenyewe waliuita kwa neno letu: magendo. Kisha bei ya dunia ikashuka. Anayetaka kujua kwa nini mfuko wa Amin ulitoboka aanzie hapo. Na hata ulipotoboka, Libya ilimpa fedha, na mwishoni ikampa askari.

Sasa niitendee haki hoja ya upande wa pili, maana ipo kesi inayonisumbua. Februari 1976 Amin alidai kwamba eneo kubwa la magharibi ya Kenya ni la Uganda. Kenya haikupeleka jeshi Kampala. Makuli wa Mombasa walikataa kugusa mizigo ya Uganda. Mvutano ulipopamba moto tena Julai, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, Nairobi ilidai mizigo na mafuta yanayopita kwake yalipwe kwa shilingi za Kenya, na malori ya mafuta yakakwama. Amin alitishia vita, kisha Agosti wajumbe wa nchi zote mbili wakatia saini makubaliano Nairobi. Hii ni diplomasia ya fedha iliyozuia uchokozi, na ningekuwa si mkweli kama ningeificha ili hoja yangu ipendeze.

Lakini tazameni iliwezekana kwa nini. Mafuta si kahawa: kahawa ikikosa mnunuzi leo, upungufu unauona mwakani, bali lori la petroli lisipofika Jumatatu, Ijumaa magari ya jeshi yamesimama. Aliyekaba alikuwa jirani, aliyeshika njia yenyewe. Wala haikuhitaji mjadala wa miezi katika bunge la mbali. Vivyo hivyo kwa Suez mwaka 1956, Uingereza ilipoivamia Misri: Rais Eisenhower wa Marekani aliiacha pauni ya Uingereza izame bila kuitupia kamba, na siku chache baadaye London ikakubali kusitisha mapigano. Fedha hukaba pale ambapo mkono uko karibu na koo. Na hata Suez haikuwa kuzuia. Mabomu yalikwisha kuanguka Port Said.

Mtauliza kuhusu Goma, mashariki ya Kongo, na hamtakosea kuuliza. Mwaka 2012, uasi wa M23 ulipopamba moto huko, wafadhili kadhaa, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Marekani miongoni mwao, walisimamisha sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, ambayo ilikana kuwaunga mkono waasi hao. Goma ilitekwa 20 Novemba na waasi wakaondoka mwanzoni mwa Desemba. Nakubali kwamba shinikizo lilichangia. Ila aliyeivunja M23 mwaka uliofuata ni jeshi la Kongo pamoja na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye vijana wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Na Januari 2025 Goma ilitekwa tena. Msaada unaosimamishwa hurudishwa, na kila mtawala hujua kwamba hurudishwa.

Sasa niwaletee waraka ninaoupenda kuliko wote katika fani hii, na mnivumilie nikikaa nao. Tarehe 2 Oktoba 1930, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirikisho la Mataifa zilitia saini Mkataba wa Msaada wa Fedha kwa nchi inayoshambuliwa. Wazo lilitoka kwa Ufini mwaka 1926: taifa dogo, lenye mpaka mrefu na dola kubwa, likauliza swali ambalo dola kubwa haziulizi. Halikuuliza mchokozi ataadhibiwaje. Liliuliza anayechokozwa atapata wapi fedha, siku hiyohiyo, wakati wakopeshaji wote wanamkimbia.

Jibu la mkataba ni zuri kama saa iliyofunguliwa mgongo. Nchi inayoshambuliwa inakopa katika masoko ya kawaida ya fedha. Wanachama wote wanaudhamini mkopo huo, kila mmoja kwa kadiri ya mchango wake katika Shirikisho. Nyuma yao wanasimama wadhamini maalumu, nchi zenye jina zuri sokoni, ili mwenye benki asijiulize kama mdhamini mdogo atalipa. Hakuna anayetoa senti siku ya kutia saini; kinachotolewa ni ahadi inayojulikana mapema. Zaidi ya hayo, na hapa ndipo ninapowavulia kofia waandishi wake, msaada ungeweza kutolewa hata kabla ya risasi ya kwanza, pale ambapo kuna tishio la vita na upande mmoja umekataa hatua za kulinda amani. Mchokozi angepiga hesabu zake akijua kwamba yule anayemwona maskini ana mifuko ya wengi nyuma yake.

Mkataba haukuanza kutumika hata siku moja. Uliunganishwa na mpango wa kupunguza silaha, na mpango huo haukuzaliwa. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1935, Italia iliivamia Ethiopia. Novemba vikwazo vikawekwa, bila mafuta kuwemo, na mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli za Mussolini. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka. Julai Ethiopia ilisimama mbele ya Baraza Kuu ikiomba mkopo wa pauni milioni 10. Nchi 23 zilisema hapana, 25 hazikupiga upande wowote. Kura ya ndiyo ilikuwa moja, ya Ethiopia yenyewe. Kila mwaka huwasomea wanafunzi wangu matokeo hayo, na kila mwaka darasa hunyamaza.

Nawaomba mzitazame kura hizo mkiwa mmesimama Dodoma. Mwaka 1979 Tanzania haikuwa na mdhamini. Vita ilitugharimu kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 500, katika mwaka ambao bei ya mafuta ilipaa na bei ya mazao yetu ikashuka. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia, Julai mwaka ule, wapo wakuu wa nchi waliotulaumu. Tulipogonga mlango wa Shirika la Fedha la Kimataifa tulipewa masharti; Waziri wa Fedha Edwin Mtei alitofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti hayo akajiuzulu. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Tuliifunga miaka mingi kuliko hiyo. Chama kiliamua 1973 kwamba hapa ndipo makao makuu, lakini serikali ilikuja kuhamia kwa dhati baada ya 2016, na kati ya yaliyouchelewesha mji huu naihesabu bila kusita bili ya Kagera. Mwalimu aliposema mwaka 1978 kwamba tunao uwezo, tunayo sababu na tunayo nia, uwezo huo ulikuwa maksai wa watu kama baba yangu.

Ninyi mliozaliwa katika nyumba za Kigogo mnajua kwamba mfugaji mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine huwaweka kwa rafiki Kongwa, wengine kwa shemeji Manyoni. Wezi wakija, au ukame, boma moja hulia lakini ukoo haufi. Baba alipotoa yule maksai, msimu uliofuata alilima na dume lililotoka kwa rafiki yake wa Hombolo, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amefugiwa ndama na sisi. Hakuna aliyekaa kikao siku hiyo kujadili kama tunastahili.

Nimepima pande zote kadiri ya uwezo wangu. Vikwazo vina siku yao, na Mombasa 1976 ni ushahidi. Lakini ninaamini, na nitaendelea kuamini, kwamba fedha inayozuia vita ni ile iliyokwisha ahidiwa kwa anayetishwa. Naitaka Jumuiya ya Afrika Mashariki iandike itifaki yake ya dhamana: mwanachama akishambuliwa, au akitishwa na mwenye kutishia akakataa usuluhishi, akope na wote tumdhamini kwa viwango vilivyokwisha pangwa, na mwanachama aliye mchokozi asiwe na kura ya kuzuia.

Wenzangu wa idara ya uchumi wameshaniambia kwamba Jumuiya ambayo wanachama wake huchelewesha michango haiwezi kumdhamini mtu. Nimelifikiria hilo sana. Dhamana haihitaji bajeti ya Jumuiya kule Arusha; inahitaji saini za hazina na benki moja ambayo soko linaiamini. Benki hiyo tunayo. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1967. Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977, yenyewe haikufa. Mwaka 1980 Kenya, Uganda na Tanzania ziliipa hati yake mpya, na makao yake makuu yako Kampala, mji ambao mwaka mmoja kabla ya hati hiyo kaka yangu aliingia kwa miguu akitokea Masaka.