Alama za Mifugo: Jicho, Chapa na Daftari
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Katika kila shauri la ng'ombe huulizwa mambo mawili: mnyama huyu ni yupi, na ni wa nani?

Zamani daftari lilikuwa jicho la mchungaji. Alimjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mamaye. Jioni alimtambua aliyekosekana pasipo kuhesabu. Wamasai, pamoja na ujuzi huo, walitia chapa ya moto ya ukoo na kukata masikio kwa namna zao. Alama hizo ni njema, lakini humtaja mwenye mali tu. Ng'ombe kumi wa chapa moja wote husema, "Mimi ni wa fulani", hakuna asemaye, "Mimi ni fulani."

Desturi mpya ililetwa na maradhi na biashara. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipoitisha Ulaya, Umoja wa nchi za huko uliamuru mwaka 1997 kwamba kila ng'ombe avikwe hereni masikioni, zote mbili zenye nambari moja, na nambari hiyo iandikwe. Botswana, ambayo huuza nyama huko, iliwameza ng'ombe wake kidonge chenye nambari isomwayo kwa chombo. Baadaye ikageukia hereni. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya kutambua na kusajili mifugo mwaka 2010.

Lakini nambari isiyoandikwa mahali ni pambo tu. Marehemu baba yangu alikuwa ameweka mitamba wanne kwa rafiki yake. Alipofariki, rafiki alisema ni wawili. Mimi, niandikaye mambo ya watu kutwa kucha, sikuwa nimeandika hata mmoja, wala sikuwa na neno la kumjibu. Labda alisema kweli, sitajua kamwe. Daftari letu lilikuwa jicho la baba, nasi tulikwisha kulizika.

Kwa hiyo nawasihi wanachama: mwendapo nyumbani kwa likizo, keti na mzee wako zizini. Andika rangi, pembe, mama, alama, na mahali mnyama alipowekwa. Nanyi wazee, msidhani twawahesabia mali kabla ya wakati. Twaomba elimu yenu isipotee.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.