Daftari Moja kwa Kompyuta Tatu

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya ofisi ya maendeleo katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili, Mwanza)



 Tumeombwa tueleze mabadiliko tuliyofanya katika kutunza kumbukumbu za mfuko wa watoto yatima na walio katika mazingira magumu. Huenda wengine wakaona hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Kwetu yalianza na mtoto aliyerudishwa nyumbani, kwa hiyo tutaanza na habari zake.

Hali ilivyokuwa

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta tatu: ya idara ya elimu, ya mhasibu na ya katibu muhtasi. Orodha ya watoto ilitunzwa katika hifadhidata ya Microsoft Access, yaani daftari la kompyuta lenye majina, shule na malipo. Lakini kila kompyuta ilikuwa na nakala yake. Mratibu wa upande wa Sengerema alikuwa na nakala ya nne, ambayo aliivusha kwa flashi kwenye pantoni la Kamanga. Idara ya elimu ikimwongeza mtoto, mhasibu hana habari. Mhasibu akiandika malipo, idara ya elimu haina habari. Kila robo mwaka ilipokwisha, mtu mmoja alikaa na orodha zote mezani akilinganisha jina kwa jina.

Ninyi mnajua kwamba ukanda wetu kila kijiji kina Kulwa na Doto wake. Katika kulinganisha huko tulikuta Doto wawili wa parokia moja, kidato kimoja na mwaka mmoja wa kuzaliwa. Tukadhani ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, tukafuta mstari mmoja. Kumbe walikuwa watoto wawili wa vigango viwili. Yule tuliyemfuta alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya hosteli. Bibi yake alikuja ofisini akiwa na kadi ya mfuko mkononi, na kompyuta zetu zikatuambia kwamba mtoto huyo hayupo. Bibi hakugombana nasi. Aliuliza tu, "Mmemwondoa kwa kosa gani?" Hatukuwa na jibu.

Katika robo hiyohiyo wafadhili wawili walipokea taarifa zenye idadi tofauti za watoto. Moja ilitoka kwa mhasibu, nyingine idara ya elimu. Hakuna senti iliyoibiwa, lakini tarakimu zisizolingana humfanya mtu mwema aanze kushuku. Tuliwaomba radhi wakati ule, na leo tunaomba tena mbele yenu.

Tulichofanya

Hatukununua mitambo mikubwa. Kompyuta tatu ziliunganishwa kwa waya kupitia kifaa kimoja kiitwacho swichi. Waya wa namna hii unatosha hadi mita 100, na ofisi yetu haifiki urefu huo. Kompyuta moja ikateuliwa kulitunza daftari, nayo haizimwi saa za kazi.

Kisha daftari lenyewe likagawanywa sehemu mbili, kazi ambayo Access ina chombo chake cha kuifanya. Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu zenyewe: watoto, shule, malipo. Hiyo ipo mahali pamoja tu, katika folda inayofikiwa na kompyuta zote tatu. Sehemu ya pili ni fomu za kujazia na taarifa za kuchapa. Hiyo kila kompyuta ina yake, nayo inasoma na kuandika katika folda ile moja. Mhasibu akiingiza malipo asubuhi, idara ya elimu inayaona saa hiyohiyo bila flashi.

Tulibadilisha na utaratibu wa watu. Kila mtoto sasa ana namba yake, na Doto wawili hawawezi kuchanganywa tena. Fomu zetu za kila siku hazina kitufe cha kufuta. Jina huondolewa na mtu mmoja tu, naye hafanyi hivyo bila karatasi iliyosainiwa na kamati ya parokia.

Hatari zilizopo

Si sisi peke yetu tuliotumia njia hii. Hata hifadhidata ya CTC2, iliyotumika katika vituo vya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU hapa nchini, ilijengwa kwa Access. Lakini ni vizuri mjue udhaifu wake.

Fikirini ghala la mazao. Katika hifadhidata kubwa za seva kuna karani mlangoni: unamwambia unachotaka, anaingia yeye, anakuletea. Kwetu hakuna karani. Kila kompyuta inaingia ghalani yenyewe na kufungua magunia. Umeme ukikatika au waya ukichomoka wakati gunia liko wazi, nafaka humwagika, yaani faili linaweza kuharibika. Kwa sababu hiyo tunatumia waya na si mawimbi ya hewani, ambayo hukatikakatika. Kompyuta inayotunza daftari na swichi yake zimewekewa betri ya UPS, ili umeme ukizimika tupate dakika za kufunga kazi kwa utaratibu. Tena mnazijua radi za ziwa letu usiku. Jioni kila plagi inachomolewa.

Kila siku, watu wote wakishatoka kwenye daftari, faili linanakiliwa kwenye diski mbili. Moja hubaki ofisini, nyingine hulala kwenye kasha la parokia. Mara kwa mara tunaifungua nakala hiyo kuhakikisha inasomeka, kwa maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Kwa maandishi, Access inaruhusu watu 255 kwa pamoja na faili la hadi gigabaiti 2. Kwa vitendo, watu wakizidi wachache kazi huanza kulegea. Tukiongezeka tutahamia kwenye seva yenye karani mlangoni, kama PostgreSQL, ambayo haina malipo ya leseni.

Wenzetu wa Sengerema wameuliza kwa nini wasiunganishwe. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025 na safari imekuwa fupi, lakini waya wetu unaishia ukutani mwa ofisi. Kulifungua faili hilohilo kwa intaneti kutoka ng'ambo ni kulihatarisha, na kupeana nakala ni kurudi kulekule tulikotoka. Kwa hiyo Sengerema wanajaza fomu za karatasi, zinaingizwa Mwanza, na orodha iliyochapwa inarudi kwa kamati kuhakikiwa.

Siri za watoto

Jambo moja lilitutia hofu. Anayeweza kulifungua faili hilo anaweza pia kulinakili lote kwenye flashi yake. Zamani daftari letu lilikuwa na safu ya hali ya afya ya wazazi, na kila aliyekaa kwenye kompyuta aliiona. Tumeiondoa. Habari za afya zipo katika faili jingine, lenye neno la siri, kwa mtu mmoja anayehusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai hivyo. Lakini hata kabla ya sheria, mtoto hakutupa habari za marehemu mama yake ili zisomwe na kila mpita njia.

Tunachoomba

Kwenu kamati za parokia: fomu zije zimejazwa kamili, zikiwa na kigango na jina la mlezi. Orodha ikirudi kwenu, isomeni jina kwa jina kabla ya kusaini. Kompyuta haimjui Doto. Ninyi mnamjua.

Kwenu wafadhili: ni rahisi kupiga picha kisima au darasa, ni vigumu kupiga picha betri ya UPS, swichi na mshahara wa mwingiza kumbukumbu. Tunaomba msivifute mnapopunguza bajeti. Hivyo ndivyo vinavyowahakikishia kwamba mtoto mnayemsomesha yupo, na kwamba ni mmoja.

Doto alirudi hosteli muhula uleule. Masomo aliyoyakosa hatukuweza kumrudishia. Bibi yake bado anakuja, na kila akifika anaomba aoneshwe jina la mjukuu wake kwenye kompyuta. Tunamwonesha. Karibuni nanyi ofisini, mwombe kuonesha la mtoto wa kigango chenu.