Siku 52 za Nehemia na Vakansi Yetu

Andiko la kusoma: Nehemia 6:1-16



Vakansi kubwa imeingia. Watoto wengi wamefunga madaftari, wanapumzika, na ni haki yao. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, lakini alipumzika akiisha kumaliza kazi. Leo tunazungumza na yule ambaye kazi yake haijaisha: mwanafunzi wa inivasite ambaye TFC yake imebaki sura moja, ama anayengojewa na sesyo ya pili. Tunazungumza pia na sisi wenyewe, wazazi na watu wa kanisa, maana tuna deni kwake.

Nehemia alikuta ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Mstari wa 15 unatuambia ulimalizika kwa siku 52. Hesabuni: Julai na Agosti pamoja ni siku 62. Ukuta wa mji mzima uliisha kwa muda mfupi kuliko vakansi yetu!

Namna gani waliweza? Kwanza, kila mtu alikuwa na kipande chake. Someni sura ya 3: wengine walijenga mbele ya nyumba yao tu. Mwanafunzi, usiangalie TFC nzima, utaogopa. Leo andika ukurasa mmoja, kesho mwingine, na Ijumaa mpelekee direkteri wako.

Pili, sura ya 4 mstari wa 9: waliomba, na tena waliweka walinzi usiku na mchana. Hawakuchagua kimoja kati ya viwili. Kufunga siku tatu bila kugusa kalamu hakutajaza ukurasa.

Tatu, Nehemia alikataa kushuka. Sanbalati na Geshemu walimwita mara nne wakutane katika bonde la Ono. Mara nne alijibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kuiacha.

Hapa tuseme ukweli mbele za Mungu. Mwaka mmoja tulikuwa na dada katika kwaya yetu. Utafiti wake ulikuwa umeisha, alibakiza kuandika sura ya mwisho. Vakansi ilipofika, tulitangaza kanisani kwamba sasa vijana hawana kazi. Jumatatu mazoezi ya kwaya, Jumatano maombi, Alhamisi kuhubiri mitaani, Ijumaa mkesha, Jumamosi kupika kwa ndoa ya watu. Siku zilizobaki mama yake alikwenda sokoni, yeye akabaki na wadogo zake. Jioni akitaka kuandika, umeme hakuna. Tarehe ya kuweka TFC ikapita. Mama yake akauza mashini ya kushona ili alipe mwaka mwingine.

Sisi tulifanya nini? Tulimwita mbele, tukamwekea mikono, tukakemea roho ya kuzuia. Lakini aliyemzuia alikuwa ni programu yetu. Sisi ndio tulimwita Ono, si mara nne tu, na yeye kwa heshima yake hakuweza kutukatalia. Tulimwomba msamaha yeye na mama yake. Leo tunawaambia ninyi, ili kanisa lingine lisirudilie kosa letu.

Wapendwa, masomo si kitu cha dunia tu. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963 kwa mkono wa makanisa ya Kiprotestanti, kikiitwa Université Libre du Congo. Mwaka uliofuata vita ya waasi iliingia mjini, lakini kazi ile haikufa. Wazee wale wa imani waliona kwamba kumfundisha kijana ni kumtumikia Mungu.

Basi tufanye hivi. Kiongozi wa kwaya, uliza kila kijana: umebakiza nini ya masomo? Mwenye TFC mpe ruhusa mpaka amalize. Nafasi yake itamngojea. Baba na mama, mpeni mtoto saa mbili za asubuhi, kabla ya kumtuma. Na msimpe kijana mwanaume peke yake. Nehemia 3:12 inasema Shalumu alijenga pamoja na binti zake.

Wewe unayeendesha moto ama toleka mchana kutwa kutafuta pesa ya masomo, hatukuhukumu. Shika saa moja tu kabla ya jua kutoka, uishike kila siku.

Na wewe unayefikiri kumlipa mtu wa fotokopi akuandikie TFC, ama unakili kazi ya mwingine na kubadilisha jina, acha. Siku ya kuitetea utasimama mbele ya walimu bila neno. Hata ukipita, utaanza maisha kwa uongo, na Mungu hawezi kubariki uongo.

Tuombe. Bwana, tusamehe pale tulipowashusha watoto wetu ukutani. Wape nguvu ya kuandika, wape mwangaza, uwape direkteri moyo wa kusoma kazi zao haraka. Vakansi ikiisha, waje kanisani na ushuhuda wa kazi iliyomalizika. Kwa jina la Yesu, amina.