Waganga na Wauguzi Wafundishwe Pamoja



Mgonjwa aliyelazwa juu ya meza ya upasuaji hayumo mikononi mwa mtu mmoja. Yupo daktari mwenye kisu, yupo mtaalamu wa dawa ya usingizi, yupo muuguzi anayetoa vifaa na kuvihesabu. Mmoja wao akijua jambo na asiliseme, elimu ya wenzake haimfai mgonjwa kitu. Hata hivyo watu hao hufundishwa mbalimbali, hutahiniwa mbalimbali, na mara nyingi huanza kufahamiana penye damu.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika kila upasuaji. Hospitali nane zilishiriki, katika miji kama London, Toronto, Manila, na Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kati ya wagonjwa 3,733 waliopasuliwa kabla ya orodha kutumika, asilimia 1.5 walikufa, kati ya 3,955 waliofuata, waliokufa walikuwa asilimia 0.8. Waliopata madhara makubwa walipungua kutoka asilimia 11 hadi 7.

Sehemu kubwa ya orodha hiyo ni kuulizana na kujibizana. Kazi husimama mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kabla ya kukata, kila mmoja hutaja jina lake na kazi yake. Daktari hueleza hatari anazozitazamia; muuguzi huthibitisha kwamba vifaa vimetakaswa. Mwishoni muuguzi hutamka hesabu ya vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu. Ni mambo madogo, tena yapo ya kuchekesha: watu waliofanya kazi pamoja miaka mitano wanaambiwa watajiane majina!

Lakini yafaa isidhaniwe kwamba karatasi ndiyo iliyoponya. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, hospitali zilitakiwa kutumia orodha kama hiyo. Uchunguzi wa hospitali 101, uliotangazwa mwaka 2014, haukuona upungufu wa maana wa vifo. Wataalamu wamebishana juu ya sababu. Iliyo dhahiri ni kwamba alama yaweza kutiwa kwenye karatasi bila neno kusemwa. Huo ni umangimeza, na watumishi wa umma wanaufahamu vizuri.

Muuguzi aliyezoea tangu chuoni kupokea amri hawezi kumsimamisha daktari kwa sababu waraka umemruhusu. Wala daktari ambaye hakuwahi kusahihishwa na muuguzi hatalipokea neno hilo kwa moyo mweupe siku mgonjwa anapovuja damu. Kasumba hiyo ya vyeo hupandwa chuoni, na chuoni ndiko kwa kuing'olea. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuhimiza jambo hili katika taarifa ya mwaka 1988, likarudia mwaka 2010 na kufafanua: ni wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi kujifunza wao kwa wao, juu ya kazi za wenzao, na pamoja na wenzao.

Basi kuwajaza wote katika ukumbi mmoja wamsikilize mhadhiri hakutoshi. Tanzania inacho chuo kama Muhimbili, ambako udaktari, uuguzi na famasi husomwa chini ya paa moja. Lakini jirani si lazima awe mwenzi. Tena Baraza la Madaktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Famasi kila moja lina taaluma yake ya kusimamia. Ratiba zimejaa, na somo lisilotahiniwa wanafunzi hulidharau. Walimu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mabaraza hayo yaketi yatunge mtihani mmoja wa vitendo, unaofanywa na kikundi na kupewa alama za kikundi. Swali la kwanza laweza kuwa hili: vitambaa 20 viliingia, 19 vimeonekana, na daktari ameshashika sindano ya kushonea. Mwanafunzi wa uuguzi aulizwe atasema nini. Mwanafunzi wa udaktari aulizwe atajibu nini.