Shahidi wa Pili: Teknolojia na Udhibiti wa Utapeli katika Taasisi za Fedha, Moshi na Vijiji vya Mlimani



Naomba nianze na mwezi Desemba, maana ndio unaoonyesha ugumu wa kazi yetu kuliko mwezi mwingine wowote. Ikifika katikati ya mwezi huo, Wachagga wanarudi nyumbani. Kadi iliyokuwa ikitumika Dar es Salaam mwaka mzima inaanza kutoa fedha Himo, Marangu, Mkuu Rombo na Machame. Namba iliyozoea kutuma elfu ishirini kwa mwezi inatuma laki tano kwa siku moja: za mbuzi, za saruji, za michango ya ukoo, za ada ya Januari. Mfumo wa benki uliowekwa kunusa mambo yasiyo ya kawaida, kama haujafundishwa maisha ya Kilimanjaro, wiki hiyo utamwona mwizi katika kila mteja. Na tapeli anaijua Desemba vizuri sana. Anajua foleni ni ndefu, wakala amechoka, ofisi nyingi zitafungwa siku kadhaa, na mtu aliye katikati ya sherehe hasomi ujumbe mara mbili.

Mifumo ya kugundua utapeli hufanya kazi kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni kanuni zilizoandikwa na binadamu. Kwa mfano: laini ya simu ikibadilishwa leo, namba ya siri ikabadilishwa ndani ya saa ileile, kisha fedha nyingi zikatumwa kwa mtu ambaye mteja hajawahi kumtumia, muamala usimamishwe. Ukiangalia kila hatua peke yake, haina kosa. Watu hupoteza simu kila siku, na watu husahau namba za siri. Ni mfuatano wake ndio unaomsema mhalifu. Namna ya pili ni kuiacha kompyuta ijifunze yenyewe kutokana na miamala ya nyuma, halafu iupe kila muamala mpya alama ya hatari kwa kuangalia saa, kiasi, simu iliyotumika, mahali, na uhusiano wa namba na namba. Namna hii huona mambo ambayo jicho la mhasibu haliwezi kuyaona, kama vile laini kumi zisizojuana zinazomiminia fedha kwenye laini moja, ambayo nayo inakombwa kwa wakala yuleyule kila jioni.

Lakini tufanye hesabu kidogo, kwa sababu wauzaji wa mifumo hii hawapendi kuifanya mbele yetu. Chukua mfano wa miamala 1,000,000, ambayo 100 kati yake ni ya kitapeli. Mfumo mzuri unanasa 90. Tuseme pia unakosea mara moja tu katika kila miamala 100 halali. Maana yake unawazuia watu kama 10,000 wasio na kosa lolote ili kuwapata hao 90. Kwa kila tapeli mmoja, wateja zaidi ya 100 wanasimama kaunta wakiuliza kwa nini fedha zao hazitoki, na pengine mmoja wao ana mgonjwa hospitali ya KCMC. Ndiyo maana meneja makini haulizi tu mfumo unanasa wezi wangapi. Anauliza unawasumbua waaminifu wangapi, na nani atapokea simu zao.

Kuna tatizo kubwa kuliko hilo. Utapeli unaowaumiza watu wetu zaidi haupiti kwenye ufa wa kompyuta, unapita kwenye idhini ya mwenye fedha. Sote tunaujua ule ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaijua pia ile simu ya mtu anayejiita mwalimu, akidai mtoto ameanguka shuleni na anahitaji kupelekwa hospitali haraka. Mama wa Kibosho akipata simu hiyo, anatumia simu yake mwenyewe, anaandika namba yake ya siri mwenyewe, na kutuma akiwa nyumbani kwake. Kwa kompyuta, huyo ni mteja halali kwa kila kipimo. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliohitimishwa Januari 2020 kwa kufungwa kwa laini ambazo hazijasajiliwa, ulisaidia sana kuondoa laini zisizo na mwenyewe. Hata hivyo matapeli wakahamia kwenye laini zenye majina ya watu wengine. Mtu anaombwa aweke kidole mara ya pili kwa kisingizio kwamba mtandao umegoma, kumbe inasajiliwa laini nyingine asiyoijua. Kila aliyeko hapa apige *106# leo aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na akiona asiyoitambua aende kwa mtoa huduma ikafutwe. Ujumbe wa kitapeli nao, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe 15040. Namba inayoripotiwa na watu wengi hufungwa, na hiyo ni kazi ambayo kompyuta haiwezi kuianza bila sisi.

Hoja yangu katika mada hii ni moja. Kinga ya kweli ni shahidi wa pili anayefika kwa njia tofauti na ile iliyoleta agizo. Kama agizo limekuja kwa simu, uthibitisho usitoke kwenye simu hiyohiyo. Kama limekuja kwa baruapepe, uthibitisho usiombwe kwa kujibu baruapepe hiyo.

Vikundi vyetu vya VICOBA vililifahamu jambo hili bila kompyuta. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wanaolala nyumba tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya kikundi kizima. Huduma ya M-Koba, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na Benki ya TPB, iliuchukua utaratibu huo na kuuingiza kwenye simu: fedha ya kikundi haitoki hadi viongozi walioteuliwa waidhinishe kila mmoja kwa simu yake, na wanachama wanapata taarifa. Udhaifu unarudi pale katibu anapokaa na simu zote tatu kwa sababu mwenyekiti ni mzee na haoni vizuri. Nimeyaona haya katika vikundi vya watu waaminifu kabisa. Kufuli zinabaki tatu kwa jina, mkono ni mmoja.

Tuangalie pia dunia ya mabenki makubwa. Februari 2016 wezi waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti yake iliyoko Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York. Walichagua usiku wa Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu Ufilipino, zilikopelekwa fedha. Kabla ya hapo waliivuruga printa iliyokuwa ikichapa kila muamala, na wafanyakazi wakadhani ni hitilafu ya kawaida. Printa ile ndiyo iliyokuwa shahidi wa pili. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilizokuwa zikienda Sri Lanka zilirudi kwa sababu herufi za jina la mpokeaji zilikosewa, na benki iliyokuwa njiani ikauliza. Wezi wanaobadilisha laini ya simu hapa Moshi wanafuata mbinu ileile. Kwanza wanaizima simu ya mteja, ndipo wanachukua fedha, ili ujumbe wa tahadhari usimfikie mwenyewe.

Na sisi Tanzania tunalo somo letu, lililotugharimu sana. Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 130 zilitoka Benki Kuu kupitia akaunti ya madeni ya nje (EPA) kwenda kwa kampuni 22. Baadhi zilidai zimeuziwa madeni na wadai wa nje, na nyaraka zake zikaja kubainika kuwa za kughushi. Hapakuhitajika mtambo wa ajabu kugundua hilo. Ilihitajika kumuuliza mdai mwenyewe, kwa anwani iliyokuwapo kwenye jalada tangu zamani, kama kweli ameuza deni lake.

Kampuni zetu za kupandisha watalii Kilimanjaro ziko kwenye hatari hiyohiyo kila msimu. Mgeni aliyelipia safari nusu anapokea baruapepe inayofanana kabisa na ya kampuni, ikisema akaunti imebadilika, salio litumwe benki nyingine. Mara nyingi tapeli ameingia kwenye kisanduku cha barua wiki kadhaa kabla, anasoma tu, anangoja tarehe ya malipo. Kinga yake ni rahisi. Kampuni iandike kwenye ankara ya kwanza kwamba akaunti haitabadilishwa kwa baruapepe hata siku moja, na mgeni apige namba aliyopewa mwanzo.

Sasa nije kwenye SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), ambako naona kazi kubwa iliyobaki. Huku mwizi mara nyingi ana ufunguo wa ofisi. Mkopo hewa huandikwa kwa jina la mwanachama aliyefariki au aliyehamia mjini. Akaunti iliyolala miaka minne inaamshwa jioni moja na kukombwa. Kwenye ushirika wa kahawa, kilo zinaweza kupungua kati ya mizani na daftari, au jina la mkulima asiyekuwapo likaingizwa kwenye orodha ya malipo. Mkoa huu uliokuwa na umoja wa wakulima wa kahawa tangu miaka ya 1920, kisha chama cha ushirika KNCU mwaka 1933, una uzoefu mrefu wa kulinda haki ya mkulima kwenye mizani. Uzoefu huo uhamie kwenye kompyuta.

Fikirieni mkulima wa Uru anayeleta kahawa. Karani wa mizani anasoma kilo, mfumo unazichukua moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya kidijitali, na kabla mkulima hajafunga gunia lake tupu, simu yake inapata ujumbe: jina, tarehe, kilo, na jumla ya msimu mpaka sasa. Kama kilo si zake, anasema palepale, karani akiwa mbele yake. Ujumbe huo mmoja una nguvu kuliko ukaguzi unaokuja mwaka mmoja baadaye, kwa sababu unamfanya kila mwanachama kuwa mkaguzi wa daftari lake. Vivyo hivyo kwa SACCOS: mkopo ukiandikwa kwa jina lako, wewe na wadhamini wako mpate taarifa kabla fedha haijatoka. Na namba ya simu inayopokea taarifa hizo isiweze kubadilishwa na mtumishi mmoja peke yake. Hapo ndipo mwizi wa ndani huanzia, na hapo ndipo wasimamizi wetu huwa hawaangalii.

Ndani ya ofisi pia, anayeandaa malipo asiwe anayeidhinisha, hata kama ofisi ina watu wawili tu. Nywila ni ya mtu, haiachwi mezani kwenye karatasi wakati wa chakula. Mhasibu aende likizo kila mwaka, na mwenzake akalie kiti chake siku zote hizo, maana wizi mwingi wa ndani unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuufunika. Kumbukumbu za mfumo, za nani aliingia saa ngapi na alibadilisha nini, zisomwe na kamati ya usimamizi kila mwezi. MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, unaweza kutunza taarifa za vyama, ila hauwezi kujua kwamba mwanachama namba fulani alizikwa Kirua mwaka juzi. Mnaojua ni ninyi.

Tukikusanya taarifa hizi zote tunabeba pia wajibu wa kuzilinda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Orodha ya wanachama yenye majina, namba za NIDA na namba za simu, ikibandikwa ukutani au kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp, ni mtaji tosha kwa tapeli.

Kuhusu gharama, najua chama chenye wanachama mia tatu hakiwezi kununua mfumo wake peke yake, na hakina sababu ya kujaribu. Vyama jirani viungane, vikodi mfumo mmoja kwa mkataba wa pamoja, na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi watumike kuukagua. Gharama ya ujumbe wa simu ilipwe na chama, isikatwe kwa mkulima, na iingizwe kwenye bajeti itakayosomwa mkutano mkuu ujao ikiwa na mstari wake yenyewe, ili atakayetaka kuifuta alazimike kusimama mbele ya wanachama na kueleza sababu.