Kuku wa wiki sita

Kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6, uzito ukikaribia kilo 2. Wa kienyeji huchukua nusu mwaka au zaidi, akiparura na kukimbizana uwanjani. Ladha ya nyama huja na umri na kazi ya misuli. Huyu wa bandani amekosa vyote viwili. Kisha, baada ya kunyonyolewa, mara nyingi hupozwa kwenye maji ya barafu, na nyama huyanywa. Ni sehemu ya yale maji mekundu yanayobaki kwenye beseni kuku wa supamaketi akiyeyuka, na yamelipiwa bei ya nyama! Mfugaji simlaumu, chakula cha kuku ni ghali. Ila kiasi cha maji kiandikwe kwenye pakiti.